Bolti ya Mguu wa Nne

Kila asubuhi Dayamí aliamshwa na Kasuku kabla ya kuamshwa na mama yake. Kasuku lilikuwa jina la gari lao, Shevroleti ya kijani iliyokuwa kuukuu hata kabla bibi yake hajaolewa. Ikiungurumishwa uani, familia zote saba za nyumba ile ziliamka bila kuhitaji saa. Dayamí alikunywa kahawa yake ya maziwa, akafunga skafu nyekundu ya shule shingoni na kukimbilia foleni ya mkate. Mama yake, Xiomara, alitoka na gari kwenda kubeba abiria mjini Matanzas.

Sasa ua ulikuwa kimya. Kasuku alikuwa ametoa moshi mweusi siku kadhaa, kisha akagoma kabisa, na mama hakuwa na kazi nyingine. Jioni alikaa kizingitini, akisugua funguo za gari kwa kidole gumba.

"Injini itoke," alikata shauri mjomba Eulogio, kaka yake mama, fundi mwenye kitambi na sauti ya kuamsha mtaa. "Tena itoke bila kung'oa boneti."

Cachita, jirani ambaye habari haikumpita hata ikipita kwa kunyata, alichungulia kutoka dirishani kwake juu. "We Eulogio! Mbona mafundi wote huanza na boneti?"

"Hao hawamjui Kasuku, dada. Bawaba zimeliwa na kutu. Tuliwahi kuing'oa, ikakaa miezi haitaki kufunga tena. Tutaiinua na kuifunga kwa kamba kwenye nondo za dirisha lako. Tunatoa meno ya mbele, haya ya chuma usoni pake, tunatoa rejeta, injini inapita hapohapo kama mkate unavyotoka tanurini."

"Dirisha langu? Na likitoka pamoja na injini?"

"Utapata cha kusimulia mwaka mzima!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Hata mama alitabasamu kidogo.

Lakini injini ile haikuwa ya Kasuku hasa. Ya kuzaliwa nayo ilikufa zamani, na hii ya dizeli ilitolewa kwenye lori. Kwa kuwa haikutosha mahali pake, babu yake Dayamí aliiongezea mguu wa nne wa chuma wa kuishikilia upande wa nyuma, akaufunga kwa bolti moja iliyojificha. Mguu huo haumo katika kitabu chochote cha ufundi. Tairi la mbele la kushoto likishatolewa, mkono mwembamba tu ndio ungeweza kupenya hadi kwenye ile bolti. Katika ukoo wote, mkono huo ulikuwa wa Dayamí.

Jumamosi watu walijaa uani. Mnyororo wa kunyanyulia ulining'inizwa kwenye boriti ya chuma, wazee wakahamishia meza yao ya domino karibu wasipitwe na kitu, na Cachita akabandika sufuria ya wali na maharage meusi. Dayamí alichuchumaa kando ya gari, akapenyeza mkono na spana. Bolti ilizunguka kidogo, halafu ikanata. Alivuta mpaka bega likauma.

"Umelala huko?" alimtania Leosdán, mwanafunzi mwenzake. "Mpe mwanamume hiyo spana!"

"Mwanamume yuko wapi?" Cachita alidakia. "Mimi naona kitoto chenye kamasi! Mwache fundi wetu afanye kazi. Mtoto wa Xiomara huyo, hashindwi!"

Watu wakapiga makofi. Uso wa Dayamí ukawaka. Baada ya makofi yale angesemaje kwamba ameshindwa? "Imeshalegea," alijiambia. "Ikivutwa itaachia yenyewe." Akautoa mkono.

Mjomba alikuwa na desturi moja ambayo hakuivunja hata awe na haraka namna gani. Mnyororo hauvutwi mpaka kila mwenye kazi aulizwe na kujibu.

"Kamba ya boneti?"

"Tayari!" mama aliitikia.

"Rejeta?"

"Tayari, chifu!" alijibu Leosdán.

"Mguu wa nne?"

Dayamí alijibu kama wengine. "Tayari."

Mnyororo ukaanza kulia. Injini ikainua pua yake polepole chini ya boneti, ikasogea mbele kidogo, kisha ikakwama. Wanaume wakavuta zaidi. Kasuku mzima akainuka kwenye springi zake na kulalama.

"Mkia wa injini umeng'ang'ania kitu," mjomba alisema. "Ngoja niukandamize." Akainama na kuingiza mkono wake hadi kwapani, kati ya injini na ukuta wa chuma. "Vuteni!"

Dayamí peke yake ndiye aliyejua mkia umeng'ang'ania nini. Bolti ikikatika, injini ingeruka, na mkono wa mjomba ungebaki humo. Aliwatazama wote waliompigia makofi.

"Acheni!" alipiga kelele. "Mjomba, toa mkono! Sijaifungua! Nilidanganya!"

Mnyororo ukanyamaza. Mjomba alitoa mkono taratibu, akautazama kama aliyerudishiwa kitu chake. Leosdán akafungua mdomo, lakini Cachita akamkata jicho, naye akaufunga. Hakuna aliyecheka, na hilo lilimchoma Dayamí kuliko matusi.

"Ishusheni mpaka ikae," mjomba alisema hatimaye. Akaleta kopo la mafuta ya taa. "Njoo. Mwagia bolti, tusubiri. Kisha weka spana, mimi nitachomeka bomba refu la chuma kwenye mpini wake na kuvuta ukiwa umetoa mkono. Ungesema imenata, tungefanya hivi tangu mwanzo."

Walisubiri mpaka wali ukapoa. Bolti ilipoachia ilitoa mlio mdogo tu. Mjomba akauliza upya, kuanzia kamba ya boneti, na kila mtu akajibu. Mara hii injini iliinua pua, ikateremsha mkia, ikatoka kwa mbele bila kugusa boneti. Sasa mjomba angeweza kuitengeneza, na mama angerudi barabarani.

Watu walishangilia, lakini Dayamí alikuwa kwenye bomba la maji, akinawa. Mama alimjia na sabuni na sukari kidogo, akaanza kumsugua grisi mikononi.

"Mama, umenikasirikia?"

"Sana," mama alisema, bila kuiachia mikono yake. "Unadhani tungekucheka ukisema bado? Labda tungekucheka kidogo, halafu tungekusaidia. Kazi ngumu haimwaibishi mtu, mwanangu. Lakini unapodanganya kwamba umeimaliza, mwenzako anaingia kwenye hatari asiyoijua. Mjomba wako hakuiona ile bolti. Aliingiza mkono kwa sababu alikuamini wewe."