Makala Isiyo na Mtu

Kila blogu iliyoingia kwenye tovuti ya mtaa iliyoendeshwa na ndugu wawili ilikuwa na mtu wake: muuguzi, fundi cherehani, mwalimu mstaafu. Dada mkubwa, ambaye ndiye alikuwa mhariri, hakupokea blogu ya mtu kabla ya kumpigia simu na kusikia sauti yake. Basi asubuhi ile alishangaa kukuta ukurasani makala asiyoijua, na chumba kizima kikinuka nywele zilizoungua.

"Mdogo wangu, hii ya nani?"

"Ya watu wote," alijibu mdogo wake bila kugeuka. "Si lazima kila neno liwe na mwenyewe, dada. Wasomaji wanaipenda. Au wivu?"

"Maneno yasiyo na mtu hutafuta mtu."

"Haya, bibi kizee!" Akacheka.

Saa sita mchana, vibonye vya kompyuta ya dada vilianza kushuka na kupanda vyenyewe, taratibu, kama mtoto anayejifunza kuandika. Kisha vikaenda mbio, na kwa kila herufi dada alihisi kidole kimoja kikifa ganzi, hadi mikono yake yote miwili ikainuka bila yeye kuiinua, ikatua juu ya vibonye na kuandika, mbele ya macho yake mwenyewe, aibu aliyoificha tangu usichana, aibu aliyomweleza mtu mmoja tu duniani.

Mganga alipoitwa, hakuvuka kizingiti. "Pepo huyu mlimwandikisha kwa jina la nani?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Mdogo mtu akainama. "Aliniandikia ujumbe tu, hakuwa na simu. Fomu haikubali nafasi ya jina ibaki tupu... nikajaza la dada. Akaomba na siri moja, apate pa kuanzia; nikampa ile uliyonieleza, dada."

"Mimi?" dada alinong'ona. "Niliyekubeba mgongoni?"

"Kwake siwezi kumtoa, maana si yeye aliyemkaribisha," mganga alimwambia mdogo mtu. "Futa jina la dada yako, andika lako. Atakuingia, na hapo nitamtoa."

Alifuta. Vidole vya dada vikalegea, akavuta pumzi ndefu. Mdogo wake akaitazama nafasi ile tupu.

"Nisamehe, dada. Naogopa."

Akaandika tena jina lile lile la dada.

"Asante sana," mdomo wa dada ukajibu kwa furaha, na dada, mbali huko ndani, akajisikia akimkumbatia mdogo wake kwa mikono isiyo yake tena.