Mtani Aliyefungiwa

Semboja alizikwa Handeni siku ya Ijumaa. Wiki tatu baadaye, Jumatatu saa sita na nusu mchana, jina lake liliwaka kijani kwenye kompyuta ya Hosiana.

Kijani maana yake mtu yupo. Asiyekuwepo jina lake huwa la kijivu, na la Semboja lilikuwa la kijivu tangu siku alipougua. Hosiana alifikicha macho, akasogea karibu na kioo. Kijani.

"Kuna mtu kaiba neno lake la siri," akajisemea. Akamtoa. Jina likarudi. Akalifungia kabisa lisiingie tena. Likarudi. Hapo ndipo aliposikia harufu ya udongo mbichi, ule wa chini sana ambako jembe la shamba halifiki, na nje jua lilikuwa kali na hapakuwa na mtu anayechimba.

Sasa tumwelewe huyu mama kwanza, maana ukimjua nusu utamhukumu bure. Hosiana alikuwa mwenyeji wa Dindira, kule juu kwenye chai. Akaolewa na Habakuki, wakapata binti mmoja, Upendo, wakafungua intaneti kafe ya kompyuta sita jirani na stendi ya Korogwe. Ilikuwa mwaka wa mgao mkubwa wa umeme. Biashara ya simu na mitandao ilikuwa imeachwa huru, na kila mwenye chumba na waya alijiona mfanyabiashara. Kilichowajazia wateja ni drafti ya mtandaoni, iliyokuwa na chumba cha kuchati ambacho wachezaji walikiita Kijiwe. Walikuwa hamsini na ushee, wa Korogwe, Handeni, Segera, hata Dar. Na mwanamume akifungwa drafti hutukana, hilo halihitaji elimu. Basi wakamchagua Hosiana awe msimamizi wa Kijiwe, kwa kuwa hakuwa na upendeleo hata chembe. Alishawahi kumfungia mumewe siku saba kwa tusi moja, wakala ugali meza moja wiki nzima wamenuniana.

"Sheria ni msumeno," alikuwa akisema. "Unakata mbele na nyuma."

Msumeno huo ndio uliokata pabaya. Semboja, Mzigua, mwalimu wa Handeni na bingwa wao wa drafti, alipofariki, Kijiwe kiligeuka matanga. Watu wakaandika pole, wakaandika dua. Kisha akaingia Sadala, mziba pancha wa Segera, Mnyamwezi ambaye babu yake aliletwa kukata mkonge akabaki huku huku. Mnyamwezi na Mzigua ni watani, na mtani msibani ana kazi yake: humkejeli maiti, huigiza alivyotembea, hata hulala kaburini akagoma kutoka, mpaka wanaolia wacheke. Ndivyo marehemu anavyosindikizwa. Sadala hakuwahi maziko, kwa hiyo akaifanya kazi yake pale pale Kijiweni.

"Afadhali umekufa, mlafi wewe," aliandika. "Sasa tutashiba."

Watu wa Handeni walicheka huku wanalia. Lakini jamaa mmoja wa Dar, asiyejua utani wala watani, akaja juu. "Msimamizi, sheria iko wapi? Au huyu mnampendelea?"

Neno hilo la kupendelea lilimchoma. Utani aliujua, nani asiyeujua? Ila sheria aliyoiandika mwenyewe ilisema, kumtukana marehemu, kufungiwa milele. Akampa Sadala onyo la kwanza, la pili, la tatu, kisha akamfungia. Sadala akampigia simu.

"Dada, sijamaliza," alisema kwa upole. "Usinitoe katikati."

Hosiana akamjibu ule msemo wake wa msumeno, akakata simu.

Turudi kwenye ile kijani. Jumanne, jina la Semboja likaanza kukaribisha watu mchezoni. Aliyekaribishwa alitoka mbio. Habakuki peke yake, mtu asiyeogopa kitu duniani ila mkewe, ndiye aliyecheka. "Mwizi wa majina huyu. Ngoja nimfunge, aone aibu." Akaketi kompyuta namba nne.

Drafti za mitaani huchezwa kwa vizibo vya soda, na Semboja alikuwa na tabia ya kukipigiza kizibo ubaoni kila anapocheza, ta! Kompyuta namba nne haikuwa na spika. Habakuki akasogeza kete yake, wa upande wa pili akajibu, na chumba kizima kikasikia: ta!

Wateja wawili waliokuwa wakisoma barua pepe waliondoka bila kuaga.

"Baba Upendo, inuka," Hosiana alinong'ona.

"Ngoja nimalize."

Hakumaliza. Kila mchezo ulipoisha, ulianza mwingine, na pembeni Semboja aliandika neno lile lile: Bado. Jioni walimbeba Habakuki mpaka nyumbani, wakamlaza, na mkono wake ukaendelea kusogeza kete juu ya shuka. Uji ulimtoka mdomoni. Alfajiri alikuwa ameshajiendea mwenyewe kafe, ameketi namba nne.

Jumatano saa saba mchana umeme ukakatika. Kompyuta zote sita zikazima, feni ikajivutavuta ikasimama, na katika kimya kile ambacho ungesikia hata nzi akitua, mkono wa Habakuki ukazidi kusukuma kipanya juu ya meza, mbele, nyuma, mbele, taratibu kama mtu anayefikiri, na kutoka ndani ya kioo cheusi kisicho na umeme likajibu lile ta! na tena ta! na harufu ya udongo ikapanda mpaka Hosiana akaihisi ulimini, na alipomshika mumewe bega ili amvute, akakuta shati limelowa na mwili chini yake ni baridi kama mtungi, na Habakuki hakugeuka, ila alitabasamu tabasamu ambalo mkewe hakulijua, la mtu mzee kuliko yeye.

Alhamisi alimleta Bi Kudra, mganga wa Kwamndolwa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Funga mlango."

Bi Kudra alifukiza ubani, akamzunguka Habakuki, akamtegea sikio mgongoni. Kisha akatikisa kichwa. "Huyu si jini. Majini nayajua, yana haraka, yanataka vitu. Huyu anasubiri." Akainama. "Wewe uliyekalia mwili wa watu, unasubiri nini?"

Midomo ya Habakuki ikafunguka, na sauti iliyotoka ni ya mwalimu Semboja, ya taratibu, kama anayesomesha.

"Nilikuwa nasindikizwa. Aliyeanza kunisindikiza mkamtoa. Nimesimama njiani, siwezi mbele, siwezi nyuma, na peke yangu naogopa. Nimepata wa kukaa naye."

Hosiana akaanza kulia bila sauti. Bi Kudra akamvuta pembeni.

"Mrudishe mtani wake," akanong'ona. "Mumeo ana siku tatu hajala wala hajalala. Huyo akimzoea, ataondoka naye."

Jioni ile ile Hosiana alikuwa Segera, amesimama mbele ya rundo la matairi. Alimweleza Sadala yote, bila kujitetea.

"Ulikata sawa, dada," Sadala alisema huku akijifuta mikono. "Ila hukuuliza. Mama yangu alipofariki, Semboja ndiye aliyelala kaburini. Tukamtoa kwa kumpa jogoo. Nilikuwa na deni lake la kicheko, wewe ukalizuia."

"Nisamehe, kaka Sadala."

"Mimi nimeshasamehe. Waandikie na watu wa Kijiwe."

Ijumaa saa sita mchana Sadala aliketi namba tatu, ubavuni mwa Habakuki. Hosiana akamfungulia, akaandika mbele ya wote: "Nilimfungia Sadala kwa sheria niliyoiandika bila kufikiri. Kosa ni langu. Leo anamaliza kazi yake, na hakuna wa kumzuia." Jamaa wa Dar akajibu pale pale kwamba msimamizi kanunuliwa. Kidole cha Hosiana kilikuwa tayari juu ya kitufe cha kumfungia. Akakiondoa. "Sema tu kaka," akamwandikia. "Wewe pia una nafasi yako hapa."

Sadala akaanza. Aliandika kwa kidole kimoja huku akisema kwa mdomo, amemkazia macho Habakuki.

"Semboja, mwizi wa vizibo. Ulidhani sikuoni ukivificha mfukoni? Sanda ilikuwa fupi, miguu yako ikabaki nje kama ya korongo, wazikaji wakachimba mara mbili. Na Mzigua gani anakufa mahindi yakiwa mabichi? Tumeyala yote. Hata mbegu hatujakuachia."

Kijiweni Handeni ilianza kucheka, ikafuata Korogwe, vicheko vikajaza kioo. Sadala alitukana robo saa nzima, machozi yakimdondokea kwenye vitufe, na ghafla Habakuki naye akacheka, kicheko kirefu cha kizee kilichotokea tumboni, na kadiri alivyocheka harufu ya udongo ilipungua, na jasho likamtoka, jasho la moto la mtu aliye hai. Mkono wake ukasimama. Akasinzia palepale, kichwa juu ya meza, akikoroma kama kawaida yake.

Hosiana alikuwa hajawahi kufurahia mkoromo ule. Alimshika shingo mumewe, akaona ina joto.

Kwenye kioo cha Hosiana peke yake Semboja alikuwa ameandika: "Ahsante mtani. Msibani kwako nitakuja mwenyewe."

Akamsomea Sadala. Sadala akacheka, akajifuta uso kwa mkono wa shati. "Huyo ndiye Semboja. Hebu mwulize lini, nijiandae."

Hosiana akauliza. Jibu halikuchelewa.

"Jumapili, saa saba mchana."

Kisha jina likawa la kijivu.

Hosiana aliyatazama yale maneno. Hakuna mwingine aliyewahi kuyasoma. Akabonyeza, akayafuta.

"Amesemaje?" Sadala aliuliza.

"Ameondoka. Hakujibu."

"Mzigua ni Mzigua tu, hata adabu ya kuaga hana." Sadala akanyanyuka, akajinyoosha mgongo, mtu mwenye afya zake, akaomba chai.

Hosiana akamimina. Nusu ikamwagikia sahani. "Kaa nasi siku mbili tatu, kaka. Upumzike."

"Na matairi ya watu nimwachie nani?"

Hosiana akavuta daftari la wateja, akafungua ukurasa mtupu, akashika kalamu.

"Kaka Sadala," alisema, na alijitahidi sauti iwe ya kawaida, "ukimwacha Semboja, watani wako wengine huku ni akina nani?"

"Wako wengi. Wa nini?"

"Nitajie tu. Na namba zao za simu."