Mguu Uligoma, Marsiana Hakugoma

Marsiana alishona sare za shule Milanzi, mjini Sumbawanga. Mguu wake wa kulia ndio uliokuwa injini: ukikanyaga, cherehani inaimba. Lakini baada ya Pasaka mguu ule uligoma. Ukafa ganzi. Jicho moja nalo likaingia ukungu.

Mumewe Tadei, mkulima wa ulezi, alikoroga unga wa majani kwenye uji.

"Kunywa, Mama Jane. Unaongeza kinga."

"Nimekunywa mwezi mzima! Kinga gani hii, inaongezeka mpaka mguu hausogei?"

"Watu wanasema umerogwa. Cherehani niipeleke Izia kwa dada, wewe upumzike."

"Atakayeigusa nitamshona vidole!"

Siku ileile Marsiana alikwenda hospitali. Akapewa rufaa Mbeya, akapigwa picha ya ubongo, akarudi na jina la ugonjwa: MS, ugonjwa wa neva za ubongo na uti wa mgongo. Jirani yao Lydia, muuguzi, akaja kuwaeleza.

"Mama Jane, hukurogwa. Neva ni kama nyaya za umeme, zina ganda. Kinga yako imekosea, inadhani ganda ni adui. Chembe za kinga zinatumiana ishara: 'Njooni, adui huyu hapa!' Nyingine zinakuja, zinalishambulia."

"Mwilini hakuna fundi wa kuziba?" Tadei aliuliza.

"Wapo. Lakini wewe ungepiga lipu huku watu wanakurushia mawe? Ishara zile za vita zinawazuia mafundi. Ganda halizibwi vizuri, panabaki makovu."

Tadei alilitazama bakuli. "Mama yangu! Nami nawaongezea warusha mawe!"

"Unga huo hata hatujui una nini. Usimpe kitu bila kumwuliza daktari. Dawa ya hospitali inaituliza kinga, mashambulizi yanapungua. Asiiache hata akijisikia mzima."

"Nitapona?" Marsiana aliuliza.

"Dawa haimalizi ugonjwa, dada."

Marsiana akapiga meza. "Basi ukae. Lakini mwenye nyumba ni mimi!"

Tadei alimwaga unga. Akamwita fundi afunge mpini wa kuzungusha kwa mkono kwenye gurudumu la cherehani. Mguu ukastaafu, mkono ukaajiriwa.

Miezi ikapita, Marsiana akitumia dawa. Jicho lilisafika. Mguu bado anauburuta, na anatembea kwa fimbo. Siku moja mteja alishangaa mlangoni.

"Mama Jane! Si walisema umekwisha?"

"Waliosema hivyo, sare za watoto wao hizi hapa. Waambie wazifuate kesho. Nimechelewa siku moja tu, jana nilikuwa kliniki."