Gita la Besi la Theodora

Jua lilikuwa linazama Zefania alipofika kwa mama Theodora, nje kidogo ya Shelui. Bendi ya kijiji cha ujamaa ilimtuma yeye, mpiga besi, akalikague gita la marehemu mume wa mama huyo. Saba Saba ilikuwa imekaribia na bendi haikuwa na besi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Liko hapo mezani. Litazame, uondoke nalo."

Lilikuwa gita la umeme, la bei rahisi, kutoka nje. Zefania aliyajua magita ya namna hiyo. Mbao hukatwa mbichi. Zikikutana na ukame wa Singida, shingo inapinda. Akaliinua usawa wa jicho, akachungulia. Shingo imenyooka. Akapitisha kidole pembeni mwa shingo, akitafuta ncha za vile vyuma vya kukanyagia nyuzi, kama zinakwaruza. Laini. Laini mno... kama ngozi ya mtu aliyepakwa mafuta.

Na mafuta yalibaki mkononi. Vuguvugu.

Akajifuta kwenye suruali. Harufu ikampanda puani: nyama iliyolala, na kidonda.

"Mzee alikuwa analipaka nini?"

"Hakulipaka kitu."

Zefania akagusa uzi mnene, mmoja tu, asikie. Gita la umeme bila spika sauti yake ni ya nzi. Hili...

Ndumm.

Vikombe vikatikisika kabatini. Nyumba ile haikuwa na umeme.

Mwingine angekimbia. Yeye akatoa bisibisi, akafungua kifuniko cha nyuma. Hapakuwa na nyaya. Palijaa nywele zilizogandana kwa usaha, na katikati yake kitu cha njano kimejiviringisha kama pembe ya kondoo. Akakigusa kwa ncha ya bisibisi.

Ilikuwa kucha. Imeota mzunguko juu ya mzunguko, bado imeshika kidole.

Kidole kikajikunja.

Zefania alitapika palepale sakafuni.

"Alirudi nalo kutoka Nzega," Theodora alinong'ona. "Mkono umefungwa kitambaa, anacheka. Sikumuuliza. Tulimzika na vidole tisa. Miaka minne sasa naikata hiyo kucha, na baada ya siku chache imejiviringisha tena. Nisipoikata, linapiga lenyewe..."

"Na ukataka mimi nilibebe?"

Mama alikuwa anamtazama mkono.

"Umeshalipiga, mwanangu."

Zefania aliliacha wazi pale mezani, akatoka mbio. Nyumbani alinawa kwa sabuni, akajisugua kwa majivu mpaka ngozi ikachubuka. Mkewe, Dina, akaleta ugali na mlenda. Zefania akakata tonge, akalipeleka mdomoni.

Dina akaziba pua.

"Baba Klara... umeleta nini humu ndani?"

Akatazama tonge. Lilikuwa linang'aa mafuta, yanachuruzika mpaka kwenye kiwiko. Yalikuwa yanatoka chini ya kucha zake mwenyewe.

Siku ya Saba Saba bendi ilipiga bila besi. Zefania alisimama nyuma ya umati, peke yake, mikono mifukoni.

Mifuko imelowa.