Chako Tule, Changu Tuwekeze

"Andika hivi," aliniambia. "Nililala njaa ili niweze kuweka akiba."

Vidole vyangu vikasimama juu ya kibodi. Tulikuwa wawili tu dukani, mlango umeshushwa nusu, mashine ya kutolea kopi bado ina joto la kazi za mchana. Yeye alikuwa kwenye stuli ya wateja, amekunja nne, macho kayaelekeza kwenye feni kama mtu anayesomewa maneno kutoka juu.

"Hukulala njaa," nikamwambia. "Ulikula kwangu kila siku."

"Hiyo ni lugha ya kitabu, mama. Msomaji lazima aone mateso."

Nikaandika. Nililala njaa ili niweze kuweka akiba, nukta. Ukiniuliza nilihisi nini nitakwambia ukweli: sikuhisi kitu. Nilikuwa nawaza kwamba karatasi zinakaribia kuisha na bosi hajaagiza nyingine.

Mimi kazi yangu ni hiyo. Nachapa barua za watu, natoa kopi, nabandika vyeti plastiki, najalidi vitabu. Wateja wananiita Dada Kopi na nimeshazoea. Rafu ya mbele dukani kwetu imejaa vitabu vya fedha, vile vyenye picha ya mwanaume wa suti au mche unaoota kwenye sarafu. Nimevisoma vingi wakati wa kusubiri wateja. Vingi ni haba na haba hujaza kibaba, ila imerefushwa ikafika kurasa mia mbili. Sisemi ni vibaya. Fundi viatu jirani yetu alisoma kimoja akaacha pombe, na leo ana cherehani ya kushonea ngozi. Lakini wengi nawaona wanarudi mwezi unaofuata kununua kingine, na viatu ni vilevile. Bosi wangu, mama mtu mzima, hajawahi kufungua hata kimoja. Anasema yeye vinamtajirisha bila kuvisoma.

Huyu wangu naye alianza kama mteja. Alikuwa msoma mita wa maji, anazunguka mitaa na kofia yake na fimbo ya kufukuzia mbwa. Alinunua kitabu, akarudi kununua kingine, mara ya tatu nikajua si kitabu kinachomleta. Alikuwa anajua kunichekesha. Alisema mita haifichi siri, yeye anajua nani mtaani anaoga na nani anajipaka manukato tu. Nilipougua homa alikuja kunichotea maji, akafua nguo zangu zote, hata zile ambazo wanaume huwa hawazigusi, akaanika nje mchana kweupe majirani wakimtazama. Nilimpenda kwa ile kamba ya nguo. Sikatai.

Akahamia chumbani kwangu. Siku moja akaja na kitabu kimefunguliwa katikati, uso unang'aa. Akanieleza kwamba kosa la wapenzi wengi ni kuchanganya mishahara, mwisho yote miwili inaliwa. Sisi tutenganishe. Mmoja uliwe, mwingine usiguswe kabisa. Na kwa kuwa wangu ni mdogo, ndio unaotosha kula.

"Chako tule, changu tuwekeze," alisema. "Miaka michache tu ya kujibana, halafu tutakula kuku kwa mrija."

Nikaona ni akili. Hata bosi nilimsimulia, akanitazama tu, akaendelea kupanga bahasha.

Basi changu tukala. Changu kililipa kodi, gesi, mchele, sabuni, nauli zake, mashati yake ya kazini. Kiatu changu kilipoachama mdomo nilikibana na gundi ya kujalidia vitabu. Chake kikanunua kiwanja. Hati ikaandikwa jina moja, kwa maelezo kwamba majina mawili yanachelewesha mambo. Kikajenga vyumba viwili, vikapata wapangaji. Mtaa ukampa jina la Mwekezaji. Vikundi vya vijana vikaanza kumwita awazungumzie, akaanza kujirekodi video akiwa amesimama mbele ya ule ukuta wake, na kazi ya mita akaiacha. Kodi ya wapangaji nayo haikuguswa. Ilikuwa inasubiri kiwanja cha pili.

Kila nilipompigia baba, swali lilikuwa moja: wageni wanakuja lini? Mwekezaji naye alikuwa na jibu tayari. Tukimaliza kiwanja. Tukishapaua. Sasa ilikuwa tukimaliza kitabu, hapo wazee wake wangefunga safari kwenda kunichumbia rasmi. Kwa hiyo nilikichapa kile kitabu kama mtu anayejishonea gauni la harusi, jioni baada ya jioni, bila malipo, kwenye kompyuta ya bosi.

Tukafika sura ya ndoa. Sura hiyo aliisema akiwa amesimama.

"Kabla hujaoa, jiulize. Huyu mwenzangu, baada ya miaka yote ya kazi, ana nini kwa jina lake? Kama hana kitu, huyo si mwenza. Ni mzigo."

Nikachapa mpaka mwisho, ndipo nikamgeukia.

"Mimi nina nini kwa jina langu?"

"Usianze."

"Nauliza tu. Nina nini?"

Akajikuna shingo. Akasema kitabu ni cha watu wote, hakituhusu sisi. Halafu akakaa, akashusha sauti, akasema lakini kwa kuwa nimeligusa mwenyewe, hata yeye amekuwa akilifikiria. Ingekuwa vizuri kabla wazee hawajaenda nijenge kwanza kitu changu. Mwaka mmoja tu, niweke nusu ya mshahara. Watu wasije wakasema anahubiri hili na kuoa lile.

"Na chakula?"

"Chakula kama kawaida. Nusu inatosha, wewe si unajua kujibana?"

Nilisubiri hasira ije, haikuja. Nilijiona nimekaa pale kama mteja anayesubiri zamu yake. Nikamuuliza kama neno mzigo tuliweke kwa herufi nzito. Akafikiri kidogo, akasema ndiyo, litapendeza.

Kitabu kikatoka. Tulikijalidi dukani kwetu, na gharama ya wino ikakatwa kwenye mshahara wangu kidogo kidogo, kwa sababu fedha zake zilikuwa zimefungwa. Uzinduzi ulifanyika kwenye ukumbi wa shule, Jumamosi mchana. Mimi nilipewa meza ya mlangoni, niuze nakala. Asubuhi ya siku hiyo dada mkubwa wa Mwekezaji, mwanamke anayeuza matofali na mwenye mdomo usio na breki, alinitumia ujumbe:

"Wifi nimekisoma kile kitabu chote. Wewe uko ukurasa gani? Sijakuona."

Nikamjibu: "Simo wifi."

"Basi na mimi leo nakuja."

Mwekezaji alizungumza vizuri, siwezi kumnyima haki yake. Watu walicheka, waliandika, walipiga makofi. Ukafika muda wa maswali. Akasimama mama mmoja aliyevaa sare ya wafagizi wa hospitali, kaishika nakala yake kwa mikono miwili.

"Mimi nimekuelewa, baba," alisema. "Ila mshahara wangu ukiingia unaishia kwenye kodi na chakula. Wewe umeandika uliweka wako wote. Naomba kujua, ulikuwa unakula wapi?"

Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua kweli, ili na yeye akafanye hivyo. Mwekezaji akainua macho, akanitazama kule mlangoni, na mimi nikamtazama. Sentensi moja tu ingetosha. Moyo wangu, ambao nilidhani umeshalala, ulishtuka kidogo, ukasubiri.

"Nidhamu," akasema. "Nilijinyima."

Akataka kupokea swali lingine. Lakini dada yake alikuwa ameshasimama safu ya tatu.

"Alikula kwa wifi yangu," alisema, taratibu, kama anayetaja bei ya tofali. "Yule pale mlangoni, anayewauzia vitabu. Kodi kalipa yeye, mboga kanunua yeye, hata hilo shati alilovaa. Na hicho kitabu kakichapa yeye bure. Mdogo wangu, asante ya punda ni mateke, lakini wewe umezidi."

Watu walianza kwa kucheka. Kisha kicheko kikakatika, wakageuka kunitazama. Mbele yangu alikuwepo mzee mmoja anasubiri chenji yake, nikampa. Yule mama mfagizi akaja mezani, akakilaza kitabu chake mbele yangu, nikamrudishia hela yake. Wakaja wengine wawili watatu. Nikawarudishia.

Mwekezaji alinikuta chumbani jioni ileile. Mwanzo aligomba, kwamba dada yake ana wivu, kwamba nimepanga naye nimdhalilishe. Niliendelea kukunja nguo. Alipochoka akakaa kitandani, akalainika. Akasema toleo la pili ataandika jina langu ukurasa wa shukrani, wa kwanza kabisa. Akasema Jumamosi ijayo wazee wanakwenda kwa baba, bila kukosa, hata akihitaji kukopa nauli yao.

Hayo ndiyo maneno niliyoyangoja miaka yote. Niliyasikia vizuri, nikajaribu kufurahi, ikawa kama kutafuta swichi gizani kwenye nyumba ya watu.

"Na hati ya kiwanja?" nikamuuliza.

"Hati na mapenzi wapi na wapi?"

"Si ulisema mtu aangaliwe ana nini kwa jina lake."

"Kile ni kitabu."

"Basi weka kitabu pembeni. Jumatatu twende tukaandike majina mawili."

Redio ya jirani ikamaliza taarifa ya habari, ikaingia kwenye matangazo, na yeye bado anatazama sakafu, midomo inacheza kidogo. Mtu huyuhuyu alijua papo hapo mshahara wangu unafaa kwa kazi gani. Mwisho akasema suala la ardhi halitaki pupa, kwamba kuna mambo ya kisheria, kwamba angependa kwanza kupata ushauri.

"Nimekuelewa," nikasema. "Kapange nguo zako."

"Unanifukuza kwa sababu ya kiwanja?"

"Hapana. Nimekuuliza kuhusu mimi, ukapiga hesabu."

Aliondoka na begi moja na katoni nne za vitabu. Baadaye wifi alinipigia, akanieleza kwamba imebidi mdogo wake amtoe mpangaji mmoja ili apate pa kulala, na yule mpangaji anadai arudishiwe kodi aliyotanguliza. Alitaka nicheke. Nilimwambia nina wateja.

Baba nilimpigia Jumapili.

"Baba, wageni hawaji."

"Wameahirisha tena?"

"Nimewakataza mimi."

Akauliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Akasema basi, nikipata nafasi niende nyumbani. Hakuuliza lingine, na mimi sikulia. Sikulia wiki ile wala iliyofuata. Nilifungua duka, nikachapa barua za watu, nikajalidi. Kitabu chake kilikuwa rafu ya mbele na kiliuzwa kuliko mwanzo, maana habari za ukumbini zilikuwa zimesambaa na kila mtu alitaka kuiona sura ya mzigo. Nilikuwa nawafungia kwenye mfuko na kuwashukuru. Bosi akaniuliza kama nataka akiondoe. Nikamwambia aache, biashara ni biashara.

Mshahara ukatoka. Nikalipa kodi, nikampelekea wa gesi chake, nikaenda duka la jirani kununua vitu vya mwezi. Mkono ulichukua mchele wa watu wawili, nikarudisha wa mmoja. Ulichukua nyembe, nikazirudisha. Mafuta, chumvi, sabuni ya kufulia. Nikaweka mezani, muuzaji akajumlisha, akanipa chenji yangu, na mimi nikabaki nimesimama.

Nilikuwa najaribu kukumbuka nimesahau nini. Miaka yote hela ilipofika mkononi mwangu ilikuwa na mahali inapotakiwa, na nilikuwa naitafuta hiyo sehemu. Nauli zake. Shati. Vocha ya video zake. Nikapekua kichwa chote, nikafungua pochi nikaangalia ndani. Mshahara ulikuwa umebaki. Ulikuwa umebaki mwingi tu, na haukuwa na mwenyewe isipokuwa mimi.

Hapo ndipo machozi yalipokuja, mbele ya foleni ya watu, na mfuko wa mchele mkononi.

"Vipi dada?" muuzaji aliuliza, akaanza kuzitazama tena zile noti. "Chenji haikutosha?"

"Imetosha," nikamwambia, na nikaendelea kulia.