Upande Usiopigwa Picha

Rosalia alianza kunuka petroli siku ya Jumatatu.

Haikuwa harufu ya kupita. Romani aliinusa kwenye khanga, kwenye mto, hata kwenye nywele alipojifanya anamtoa mkewe uzi kichwani. Chumba na sebule walivyopanga Mwananyamala havikuwa na gari, havikuwa na pikipiki, hata jenereta. Sasa mke wa mchonga vinyago anapata wapi petroli? Romani alikuwa na jibu tayari, maana majibu ya aina hiyo hayakumpigaga chenga. Katika miaka tisa ya ndoa alikuwa ameshamshuku muuza maji, mwalimu wa kwaya na fundi wa king'amuzi, na wote hawakuwa na kosa. Safari hii alijiona ana ushahidi wa pua.

"Kuna mtu anakupaga lifti?" aliuliza wakinywa chai.

"Lifti ya kwenda wapi? Mie nashindaga hapahapa," Rosalia alijibu, akacheka. Romani akakiweka akilini na kicheko hicho.

Siku moja kabla, Jumapili, alikuwa amemaliza kazi ya Mwalimu Adelard. Mwalimu huyu, mstaafu wa fizikia, alikuwa na ugonjwa mmoja tu: magari ya kale. Watu walimletea picha zilizotoka kwenye masanduku ya mababu zao, naye aliketi na kioo cha kukuzia akichunguza umbo la rejeta, akihesabu spoku, akitazama taa zilipofungwa, mpaka akakutajia kampuni na mwaka. Gari moja tu lilimshinda. Lilikuwa jeusi, refu mbele, lenye rejeta iliyochongoka juu, na halikufanana na lolote vitabuni mwake. Akaamua lichongwe kwa mpingo apate kuligeuzageuza mkononi.

"Chonga upande huu wa dereva," alimwagiza Romani alipompa nakala ya picha. "Hauna mlango, unaona? Mengi ya zamani yalikuwa hivyo, breki na gia zilikaa nje. Ule wa pili hatuna picha yake, uache gogo tupu. Mie sikisii."

Romani aliitikia, lakini mchongaji gani wa soko la vinyago la Mwenge anatoa kazi nusu? Aliipeleka nyumbani wenzake wasije wakamwibia mchoro, akauchonga upande wa pili kwa akili yake mwenyewe, na katikati akaweka kamlango kenye bawaba za shaba. Rosalia ndiye aliyekafungua kwanza. "Jamani, kanafunguka kweli!" alisema, akakaacha wazi.

Jumatano Romani alikuta alama za viatu vya soli ngumu kwenye sakafu iliyotoka kudekiwa. Zilianzia kwenye meza ya sebuleni lilipokaa lile gari la mpingo, zikaelekea chumbani, na hapakuwa na za kurudi. Rosalia akasema ni zake yeye Romani. Akamtazama mumewe kana kwamba ndiye anayefanya visa.

Alhamisi aliwadanganya wenzake kuwa ana homa, akarudi saa saba mchana. Alivua viatu uani, akanyata kupita kwenye ndoo na masufuria, akasikia sauti ya mwanamume ikitoka chumbani, nzito, ya upole, isiyo na haraka, na kadiri alivyosogea ndivyo petroli na harufu ya ngozi kuukuu vilivyomkaba koo, mpaka akafika kwenye pazia na kumsikia mkewe akicheka kicheko ambacho hakuwahi kumchekea tangu mwaka wa kwanza wa ndoa, na katikati ya kicheko hicho honi ya mpira ikalia mara moja, taratibu, humohumo chumbani, kama bata aliyeminywa shingo.

Akavuta pazia. Rosalia alikuwa peke yake kitandani. Dirisha lilikuwa na nondo, na mlango mwingine haukuwepo. Kando yake godoro lilikuwa limebonyea, likawa linainuka polepole.

"Yuko wapi?"

"Nani?" Rosalia alinong'ona. "Romani, usinitishe. Si ulikuwa umekaa hapa? Tulikuwa tunaongea. Umetokaje huko nje?"

Mtu mwenye akili zake angeogopa. Romani alikuwa na wivu. Alimwita mkewe majina ambayo majirani waliyasikia yote, akautupa mkoba wake uani. Rosalia aliuokota, akafunga khanga vizuri.

"Siku hizi mchana umekuwa mume mzuri sana," alisema. "Sijui jioni unaingiwaga na nini." Akaondoka kwenda kwa dada yake Jesca, Kiwalani.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Adelard alifika Mwenge na bahasha.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Njoo huku pembeni." Alizungumza kwa kunong'ona. "Wiki iliyopita nilipata picha nyingine tano za lile gari, kutoka kwa watu mbalimbali. Ya kwanza na ya mwisho zimepishana miaka thelathini. Matairi yanabadilika, dereva ni yuleyule, hazeeki. Kiti cha nyuma kila mara kuna mwanamke anacheka, na hakuna aliyeonekana mara mbili. Zote zimepigwa upande usio na mlango. Jumapili asubuhi dereva alikuwemo kwenye zote. Jioni sikumwona, nikadhani ni macho, nimekwenda mpaka kubadili miwani. Tazama."

Romani akashika kioo. Picha sita, usukani mtupu mara sita.

"Upande usiopigwa picha ndio anaopandishia abiria," alisema Mwalimu. "Niambie ukweli. Umeweka nini kule?"

"Mlango."

"Nani kaufungua?"

Romani aliacha patasi chini, akakimbia. Nyumbani alikapiga kamlango gundi na misumari minne, kisha akanusa. Petroli haikuwepo tena, wala ngozi. Nyumba ilinuka sabuni ya Rosalia tu, na Romani akakaa sakafuni akalia kwa haya na kwa furaha.

Alikodi bajaji mpaka Kiwalani, njia nzima akijaribu maneno. Katika maisha yake hakuwahi kumwomba mkewe msamaha, na kila alipofika kwenye "nimekosa" ulimi ulimwia mzito.

Jesca alifungua mlango, akashangaa kumwona.

"Shemeji, umesahau nini tena?"

"Nimemfuata Rosalia."

"Acha utani bwana. Si umemchukua sasa hivi? Hata kona ile hamjaimaliza."

Romani akageuka kutazama. Uchochoro ulikuwa mweupe kwa jua, na mwisho wake hapakuwa na kitu.

"Umepiga magoti hapahapa ulipo," Jesca aliendelea, akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Umeomba msamaha mpaka mie nikalia. Akapanda lile gari jeusi anacheka. Kusema kweli shemeji, miaka yote nilikuonaga mtu mgumu. Leo umeongea kama mume."