Upande Aliouchagua Lichma

Haya nilisimuliwa na Dhapu, jirani yangu hapa Udaipur, tukimenya njegere majira ya baridi yaliyopita. Lichma ni mtoto wa dadake, kwa hiyo hakuongeza chumvi, labda aliipunguza.

Lichma alikutana na Hemraj sokoni, watu wamebanana kununua maua ya sikukuu. Binti alivaa sari ya kijani, amekumbatia picha ndogo ambayo rangi yake bado mbichi: mheshimiwa wa baraza la mfalme, kanzu nyeupe, jambia kiunoni, waridi mkononi. Hemraj, kijana muuza vilemba, akachungulia.

"Dada, huyo mheshimiwa akiinama kumsalimu mfalme, kilemba kitamwanguka. Kimefungwa na nani?"

"Na mimi."

"Basi mlete nimfunge upya. Bure, kwa ajili yako."

Lichma alitaka kununa, akacheka. Jicho la kulia la kijana lilikuwa limefumba, chokaa ililiunguza utotoni. Aliliona siku ileile, akalizoea. Wakapeana namba, na simu zikaanza.

"Umekula, jua langu?"

"Nimekula. Nimekosa mtu wa kunisumbua tu."

"Nakuja na kilemba cha kukufunga mdomo."

Sasa babake Lichma, mzee Chaturbhuj, fundi wa picha hizo, alikuwa mgumu. Alishawakataa wachumba wawili kwa sura tu. Ndipo Lichma akamchora Hemraj kama mheshimiwa wa baraza, kilemba cha mistari, uso ukionekana upande wa kushoto tu. Mzee akaikagua picha kwa lenzi.

"Huyu ana pua ya watu. Mlete."

Hemraj akaja na boksi la peremende, shati jeupe limenyooshwa. Mzee akalitazama lile jicho mpaka chai ikafanya utando.

"Binti yangu," akasema, "umenipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Hemraj hakumsikia. Alikuwa akiitazama ile picha ukutani. Akaweka kikombe chini, akaunganisha viganja kuaga, akatoka.

Lichma alipiga simu, haikupokelewa. Akapiga tena kesho yake na keshokutwa. Mzee naye akatangaza kwamba watu wa mji wa Nathdwara wanakuja kumposa Jumapili. Siku ya Ijumaa, mvua inanyesha, Hemraj akapokea.

"Hem, kwetu kila mtu huchorwa upande. Hata wafalme."

"Najua. Na upande upi, anachagua nani?"

Ngozi nyembamba ambayo mafundi hunakilia uso hugeuzwa kama chapati, na Lichma alilijua hilo. Angeweza kumwelekeza kokote.

"Mimi."

"Ulinionea aibu?"

"Nilimwogopa baba," akasema, kisha sauti ikashuka. "Na aibu ilikuwepo. Kidogo. Sitaki kukudanganya."



"Ungesema hapana, ningekata simu," akasema Hemraj.

"Njoo basi."

"Nije wapi? Babako ameshaniona."

"Atakuona tena. Nitakaa nawe mkeka mmoja. Akitufukuza, atufukuze wote."

Jumamosi mchana akaja, amelowa. Wakaketi bega kwa bega. Mzee hakuwafukuza wala hakuwasalimu. Alichukua simu, akawaambia watu wa Nathdwara wasije, binti ameshaharibu mambo. Kisha akawapa mgongo, akaendelea kuchora majani ya mti, jani baada ya jani. Hiyo ndiyo ilikuwa idhini yake, na hakuna aliyemshukuru.

Mvua ikamzuia Hemraj kuondoka. Akajinyoosha kwenye benchi barazani, akapitiwa. Mzee naye akasinzia, brashi ingali mkononi. Lichma akalala sakafuni karibu na mlango, akilitazama lile jicho lililofumba. Lile jingine nalo sasa lilikuwa limefumba, yote mawili sawa. Akajiuliza kama siku ya harusi, mbele ya watu wote wale, aibu ile itarudi. Usingizi ukamchukua.